Kinu, Kopo na Mheshimiwa Cheti

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yaliyofunguliwa mwaka 1958 na ambayo hayajapata kukosa wageni tangu siku hizo, ipo nyumba moja ya udongo upande wa Base Camp ambayo jiko lake, kwa wingi wa hoja zinazotolewa humo wakati mwenyewe hayupo, lingestahili kuwa na spika na karani. Mwenye nyumba ni mama wa Kikongo, mzaliwa wa Fizi, mpole wa maneno na mkali wa vipimo. Alasiri moja, alipokuwa anatoka kwenda sokoni, alitenda jambo dogo lililozaa fitina kubwa: alitoa kijipakiti cha unga wa mchuzi, chenye kung'aa kwa rangi nyekundu, akakiweka kigodani ubavuni mwa kinu, akavitazama vyote viwili kwa zamu, akaguna, akashika kikapu chake akaenda zake. Vyombo vya jikoni havihitaji zaidi ya mguno.

Kinu alikuwa mkongwe wa baraza lile. Alichongwa kwa gogo zima karibu na Kikagate, pale mto Kagera unapoitenga Uganda na Tanzania, akapakiwa katika lori la matoke kwa barabara ya Isingiro, akauzwa mara mbili njiani, na tumbo lake lilikuwa limeingia rangi ya manjano ambayo hakuna maji yaliyoweza kuitoa. Mchi alikuwa mwanawe wa kulea, kijana wa mti mwingine, mwepesi wa kugonga na mwepesi wa kujibu. Kopo alikuwa mtu wa bati, wa lita 4, aliyefika Nakivale zamani akiwa amejaa mafuta ya msaada. Ubavuni alibeba jina la idara ya serikali ya Marekani iliyomtoa, pamoja na onyo kuwa haruhusiwi kuuzwa, nalo onyo hilo mama alisomewa na mwuzaji mwenyewe siku aliyomnunua. Ukutani vilitundikwa vyeti vinne: cha kutengeneza sabuni, cha ushonaji, cha kilimo cha uyoga, na cha nne, kipya kuliko vyote, cha usindikaji wa viungo vya chakula, kilichotolewa mwisho wa mafunzo ya siku chache na shirika ambalo sina haja ya kulitaja. Huyu wa nne ndiye aliyeitwa Mheshimiwa, kwa kuwa alikuwa na muhuri.

Mgeni ndiye aliyeanza.

PAKITI: Waheshimiwa wa jiko hili, sipendi kujisifu, maana sifa zangu zimekwisha kupigwa chapa tumboni na mgongoni kwa rangi nne, lakini naona ni haki yenu kujulishwa kwamba enzi ya kutwanga imekwisha. Mimi napatikana Mbarara katika kila duka, na kutoka Mbarara nimefika hata kwa mchuuzi wa kando ya njia, na mwenye shilingi 200 hunipata leo na kunila leo, bila ya kuanika, bila ya kukaanga, bila ya kuumwa mabega. Mama huyu ana kosa gani hata ahukumiwe kutwanga?

MCHI: Mabega ni ya shirika, yangu mimi na yeye, Bwana Pakiti, na sikumbuki kuwa yamekutuma uyasemee.

PAKITI: Kijana, zipo siku hizi mashine za umeme ambazo husaga kwa dakika moja unachokipiga wewe kwa saa nzima.

MCHI: Umeme habari zake ninazo. Huko huko Kikagate, alikokatwa mzee wangu, Kagera imezuiwa kwa bwawa, na umeme wake hugawanywa baina ya Uganda na Tanzania kwa insafu kubwa. Jikoni humu haujapata kupita hata kusalimu.

KINU: Taratibu, mwanangu, mgeni hakaripiwi. Bwana Pakiti, karibu sana. Mimi nina swali moja la kizee, na ukilijibu nitajiondoa mwenyewe mahali hapa nikawe kuni: ndani yako mna nini?

PAKITI: Mna ladha!

KINU: Ladha ni jina la mtoto, nakuuliza wazazi.

PAKITI: Hilo, mzee wangu, ni siri ya kiwanda.

KOPO: Siri gani iliyoandikwa mgongoni mwa mwenyewe? Naziona herufi kutoka hapa, ila macho yangu mimi yaliharibika siku nilipotobolewa kwa msumari. Msomi wetu yuko ukutani. Mheshimiwa, tusomee.

Mheshimiwa Cheti alijikohoza. Hakuna kiumbe niliyemjua aliyependa kuombwa kusoma kama yeye, wala aliyechelewa kuanza kama yeye.

CHETI: Kabla sijasoma, ningependa tuanze kwa utambulisho, ambapo kila mshiriki atataja jina lake na kitu kimoja anachokipenda, kisha tutaje matarajio yetu ya kikao hiki, kisha tuweke kanuni za ukumbi, mathalani kuzima simu na kuheshimu mawazo ya mwenzako, kisha…

MCHI: Kisha chai ya saa nne.

CHETI: Chai ya saa nne imo katika bajeti, ndiyo. Basi, kwa kuwa muda haututoshi, naingia moja kwa moja katika mada. Imeandikwa hapa: chumvi, wanga wa mahindi, kikoleza ladha, sukari, rangi, viungo. Nanyi mfahamu, washiriki, kwamba kwa kanuni za lebo za vyakula vinavyofungwa viwandani, viambato hutajwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia na kilicho haba kikifuata nyuma.

Palipita kimya, kisha Kopo akaanza kucheka, na kicheko cha kopo tupu kina mwangwi usioisha upesi.

KOPO: Enyi jamaa zangu! Mimi nilipokuja hapa Nakivale niliandamana na watu watatu: unga wa mahindi, maharagwe na chumvi. Sisi wanne ndio tulioitwa mgao, wala hapakuwa na wa tano. Basi leo anatokea bwana mwenye joho jekundu, anamwendea mama ambaye maisha yake yote ya ugenini ameyapitisha juu ya mahindi na chumvi, anamwuzia chumvi na mahindi, kisha anamwambia kuwa amemletea ladha!

PAKITI: Chumvi yangu imetiwa madini joto!

KOPO: Hata ile ya bure.

PAKITI: Na viungo navyo vimo!

KOPO: Vimo, nyuma ya rangi.

Hapa yafaa niseme neno kwa upande wa Bwana Pakiti, ili nisije nikahesabiwa katika wale wanaomhukumu mtu kabla hajamaliza shahada yake. Maana, alipokwisha kuona kwamba mgongo wake umesomwa, aliacha kujisifu akasema maneno ambayo yalikuwa ya kweli kuliko yote aliyopata kuyasema.

PAKITI: Vyema. Mimi ni chumvi na wanga, na haya nimekwisha kuyakiri. Lakini ninyi wakongwe wenye hekima, nijibuni jambo hili: mama huyu akienda sokoni na shilingi 500, akamwambia mwuzaji ampimie iliki, na karafuu, na mdalasini, na bizari nyembamba, na pilipili manga, huyo mwuzaji atamfanya nini ila kumcheka? Viungo vizima huuzwa kwa mwenye fedha nyingi kwa mara moja, na tajiri ndiye awezaye kununua vingi kwa bei ndogo. Maskini hununua kidogo kidogo kwa bei kubwa, na hilo sikulianzisha mimi. Mimi nimekuja kwa kipimo cha mkono wake. Nionyesheni mwingine aliyemwendea kwa shilingi 200.

Mchi alitazama chini. Kopo aliacha kutoa mwangwi. Hoja ilikuwa nzito, nayo haikujibiwa upesi.

KINU: Umesema, Bwana Pakiti, na aliyesema kweli hapingwi kwa kelele. Nami nitakujibu kwa yale niyaonayo, maana sikusoma. Mimi kwa jina ni kinu cha nyumba hii, lakini kwa kazi ni kinu cha mstari mzima. Jumatatu huja mama wa Kisomali wa nyumba ya tatu, huleta bizari nyembamba, giligilani, pilipili manga, iliki na manjano, tukatwanga hawashi yake ambayo bila yake wali kwake si wali. Siku nyingine huja jirani wa Kihabeshi na pilipili nyekundu zilizokauka, tukatwanga berbere mpaka mtaa wote ukapiga chafya. Warundi huja, na Wanyarwanda huja. Na kodi yangu ni nini? Kijiko kimoja cha kile kilichotwangwa, huachiwa mwenye nyumba ndani ya karatasi. Fauka ya hayo, pale Base Camp wapo wauzaji ambao huvifungua vifuko vikubwa vya Mbarara na Kampala wakauza kwa kijiko, na iliki wakaihesabu kwa punje; wala hawamcheki mtu, kwa kuwa wateja wao wote ni wa namna hiyo. Mwenye shilingi 500 leo hununua bizari. Kesho akipata nyingine hununua karafuu. Bizari haiharibiki kwa kungoja, maadamu haijasagwa. Mbegu nzima ni sanduku lililofungwa, na mafuta yenye harufu yamo ndani. Ukiisaga umelifungua, na tangu saa ile harufu inaondoka, hata ikifika miezi michache umebaki na vumbi lenye rangi. Kwa hiyo asiyeweza kununua vyote kwa siku moja ndiye hasa anayepaswa kununua vizima. Unga ulio ndani yako, bwana, ulisagwa lini?

PAKITI: Tarehe ya mwisho wa matumizi imeandikwa.

KINU: Sikuuliza ya mwisho.

CHETI: Naomba kuingilia kati kwa hoja ya utaratibu. Ninyi mnazungumza juu ya mstari wa nyumba, na vijiko, na karatasi. Mimi nilikuja kuuondoa ushamba huo. Mgao ulipoanza kupunguzwa…

KOPO: Hayo niachie mimi, maana nilikuwapo. Mwezi wa Aprili 2020 ulipunguzwa kwa asilimia 30. Februari 2021 upungufu ukafika asilimia 40. Na mwaka 2023 watu wakagawanywa mafungu matatu kwa kadiri ya shida zao, na wale wa fungu la tatu wakaambiwa kuwa wamekwisha kujitegemea, habari ambayo wengi wao walikuwa hawajaipata. Na ile idara ambayo jina lake limo ubavuni mwangu ilifungwa Julai 2025. Mimi ndimi niliyebaki kuitangaza, bila ya mshahara.

CHETI: Hapo ndipo nilipoingia mimi! Ilionekana na wataalamu kuwa mkimbizi hahitaji tena kupewa chakula, bali anahitaji kujengewa uwezo. Akina mama wa eneo hili wakakusanywa, wakaketishwa katika viti vya plastiki, wakafundishwa kutengeneza viungo vya pilau kwa vipimo vya gramu, wakafundishwa kuvaa glavu, wakafundishwa kubandika lebo, wakaelezwa umuhimu wa alama ya ubora ya shirika la viwango, na mnyororo wa thamani, na masoko ya nje. Mwisho wa mafunzo kila mmoja akatunukiwa mimi.

MCHI: Na mizani ya gramu?

CHETI: Mizani ilikuwa ya mwezeshaji.

MCHI: Na glavu?

CHETI: Zilitolewa kwa ajili ya picha.

KINU: Mheshimiwa, mimi sina neno na elimu, na yale ya usafi waliyoyafundisha ni ya haki. Nastaajabia hesabu tu. Walimu waliwafundisha wanawake wa mtaa mmoja kutengeneza kitu kimoja, kwa kipimo kimoja, katika wiki moja. Wakarudi katika mtaa ule ule wakauziana. Tena viungo vya pilau! Mchele ulikuwa wapi?

CHETI: Mchele haukuwa ndani ya mradi.

Wallahi, laiti ningalikuwa na muhuri kama ule wa Cheti, ningaliupiga juu ya jibu hilo likahifadhiwa katika nyaraka.

KINU: Basi nisikilizeni, maana nasikia nyayo za mwenyewe zinakuja. Mama huyu hakuchagua nchi ya kuishi. Kiwanja chake alipimiwa na watu wengine. Nafaka yake iliamuliwa mbali, na wingi wake ukaamuliwa mbali zaidi, na siku ya kusimama katika foleni hutangazwa kwa kipaza sauti. Maharagwe ya leo ni ya jana, na ya jana ndiyo ya mwaka uliopita. Katika sufuria yake yote, jambo ambalo hakuna aliyemwamulia ni hili: usiku wa leo maharagwe yapate bizari kiasi gani, na pilipili kiasi gani, na karafuu ngapi. Hapo ndipo lilipo eneo lake la utawala, na upana wake ni kijiko. Nanyi wawili, Bwana Pakiti kwa shilingi 200 na Mheshimiwa Cheti kwa gramu, mmekuja kumpokonya kijiko.

Mlango ulisukumwa, wote wakanyamaza. Mama aliweka kikapu chini, akatoa vifungu vya karatasi kimoja kimoja, akavifungua juu ya ungo. Kisha akatoka nje kuchochea mkaa, na mara ungo ukawa na makelele kuliko baraza lenyewe.

CHETI: Wageni wapya! Tafadhali pangeni mstari. Jina, nchi ya asili, na sababu ya kuhama.

KARAFUU: Mimi kupanga mstari? Mimi ni Bi Karafuu wa Pemba. Nimevuka bahari hadi Dar es Salaam, nimepanda kwenda Bukoba, nimepita daraja la Murongo nikaingia Kikagate kwa mlango wa mbele, wala mimi si mkimbizi, niandike mwekezaji. Sayyid Said mwenyewe, kama inavyosimuliwa, aliamrisha kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Majumba ya Unguja yalijengwa juu ya mabega yangu.

MCHI: Juu ya mabega ya watumwa walioipanda na kuichuma, bibi.

KARAFUU: Kijana huyu ni wa nani?

PILIPILI: Mimi niandike mwenyeji. Nimezaliwa nyuma ya bafu la nyumba hii hii, penye maji ya kuogea, na aliyeniotesha ni ndege.

KINU: Ndege alikuotesha kweli, kwa kuwa ukali wako yeye hausikii, akala matunda akaangusha mbegu, lakini ukoo wako ni wa Marekani ya Kusini, na Wareno ndio waliokusambaza katika pwani hizi baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Bi Karafuu naye asili yake ni visiwa vya Moluku, na Mfaransa Pierre Poivre ndiye aliyewatuma watu kuiba miche yake mnamo mwaka 1770, ikapandwa Mauritius kabla haijaonwa na mtu wa Unguja. Tusitafutane asili, tutachelewa chakula.

ILIKI: Mimi nimetoka Usambara. Ndugu zangu wako India, na siku hizi iliki nyingi ya kuuzwa duniani hutoka Guatemala, ambako wenyeji wenyewe hawaili sana. Niandike unavyotaka, ila usinipange karibu na Bi Karafuu.

KARAFUU: Nani huyu aliye kigodani? (Akanusa.) Hebu! Ndani yake namsikia jamaa yangu, lakini si mimi. Haya ni makonyo! Vikonyo vya karafuu, vile ambavyo pale Wawi, Chake Chake, hupikwa kiwandani vikakamuliwa mafuta. Umeyasaga makonyo ukayaita karafuu, bwana?

PAKITI: Mimi sikusaga kitu. Mimi nilijazwa.

MANJANO: Msimlaumu sana, nasi wengine yametupata. Ndugu zangu wa Bangladesh walisuguliwa kwa unga wa rangi wenye risasi ili wang'ae, wala si kwa siku moja, mpaka wataalamu walipolitangaza jambo hilo mwaka 2019 na serikali ikawafuata wauzaji kwa faini. Na huyo Pilipili Manga aliye kimya pale pembeni, mwulizeni ni mara ngapi amechanganywa na mbegu za papai zilizokaushwa.

PILIPILI MANGA: Nyingi. Tena wao hawana mikunjo kama mimi, wala hawaumi ulimi. Lakini mkisagwa pamoja nani atajua?

KINU: Ndiyo maana mama alivunja kipande chako, Manjano, akakitazama ndani kabla ya kulipa, na akamtafuna Pilipili Manga mmoja mbele ya mwuzaji. Sasa tuje kwenye viti. Giligilani ana vijiko 4.

GILIGILANI: Mimi? Sikusema neno.

KINU: Ndiyo sababu. Wewe ndiwe mwili wa unga wote, mpole, mwenye kuwachukua wengine wasigombane. Bizari Nyembamba ana vijiko 2. Manjano kimoja, na Pilipili Manga kimoja. Mdalasini ni kipande cha urefu wa kidole. Iliki ni punje 10 pamoja na maganda yake. Tangawizi kavu nusu kijiko, na Pilipili kwa kadiri ya hasira za siku. Bi Karafuu, punje 6.

KARAFUU: Sita! Mimi niliyejenga Unguja!

KINU: Sita, bibi, tena kwa taadhima. Mafuta yako ndiyo yale ambayo waganga wa meno huyatumia kuutia ganzi mdomo. Ukiwa kijiko kizima hapana atakayeonja mwingine. Wapo watu ambao hadhi yao hudhihirika kwa uchache wao.

Bibi alituzwa kwa neno hilo akanyamaza, jambo lililoonyesha kwamba Kinu, licha ya kujiita asiyesoma, aliifahamu siasa.

Mama alirudi na kikaango, akakiweka juu ya mkaa uliokwisha kupoa ukali. Aligawa vitu kwa kijiko, na vipimo vyake vilikuwa vile vile alivyovitaja Kinu, isipokuwa karafuu, ambazo alizihesabu sita, akafikiri, akaongeza ya saba. Alianza na giligilani na bizari nyembamba, akizikoroga kwa mwiko pasipo kusita, mpaka bizari ikageuka rangi kidogo, punje mbili tatu zikaruka, na harufu ikawa ya karanga kabla haijawa ya moshi. Ndipo akatia pilipili manga, mdalasini uliovunjwa, karafuu na iliki, kwa muda mfupi tu. Pilipili nyekundu zikapita juu ya moto mara moja. Manjano na tangawizi hazikuonyeshwa moto kabisa. Akamwaga vyote katika ungo akavitandaza, akakaa akaanza kuchambua maharagwe, asivitazame tena.

PAKITI: Mbona hatwangi? Amechoka?

MCHI: Anangoja zipoe. Zikitwangwa na kufungwa zingali moto hutoa jasho ndani ya chombo, unga ukashikana mabonge, ukaota ukungu. Hilo hata Mheshimiwa analijua.

CHETI: Lipo ukurasa wa kumi na mbili wa mwongozo, lakini muda ulituishia ukurasa wa tisa.

Kisha alitwanga. Kazi ile siielezi kwa urefu, maana kila aliyelelewa karibu na kinu anaijua sauti yake inavyoanza kwa ukavu na kuishia kwa uzito. Nasema tu kwamba mdalasini ulikaidi, kwamba pilipili zilitiwa mwisho na mtoto akafukuzwa mlangoni ili vumbi lisimwingie machoni, kwamba unga ulichekechwa kwa kitambaa cha kanga kuukuu, na chenga zikarudishwa kinuni mara ya pili. Alipomaliza alitia ndani ya kinu ngumi moja ya mahindi makavu, akayatwanga ili yafute kilichobaki, kisha hayakutupwa. Yalitiwa katika sufuria ya maharagwe.

Na Bwana Pakiti? Mama alimchukua, akamkata pembe kwa meno, akammwaga humo humo katika maharagwe badala ya chumvi, kwa kuwa alikuwa amekwisha kumlipia. Juu yake akatia kijiko kilichojaa cha unga mpya, uliokaangwa kwanza katika mafuta pamoja na kitunguu. Mtakaouliza ni nani aliyeshinda usiku ule, waulizeni watoto waliolamba sahani. Wao hawakusikia mjadala.

Uliobaki ulikuwa mwingi kuliko haja ya nyumba moja. Mama alitazama huku na huku akitafuta karatasi ya kufungia. Ya gazeti ilikuwa imekwisha katika kuwasha mkaa. Ndipo macho yake yalipopanda ukutani, yakavipitia vyeti vyote vinne, yakasimama juu ya kile kipya. Akakitungua, akakikunja kidogo, akakisikiliza kinavyolia.

"Hii karatasi iko nzito," alisema. "Iko muzuri sana."

CHETI: Mama, nina muhuri! Nina sahihi mbili! Kumbuka mnyororo wa thamani!

Mkasi ulipita chini ya muhuri, ukapita baina ya sahihi mbili, kisha ukarudi kwa upana. Vilipatikana vipande vya kutosha, na katika kila kipande kikatiwa kijiko kimoja kilichofutwa juu kwa kisu, kikasokotwa ncha. Vyote vikapangwa ndani ya Kopo na kifuniko kikabanwa ili harufu isitoke. Na asubuhi yake Kopo, ambaye ubavuni aliandikwa kuwa si wa kuuzwa, akabebwa kichwani hadi pembeni mwa soko la Base Camp akiwa amejaa bidhaa.

Mteja wa kwanza alikuwa yule mama wa Kisomali. Alisokotoa kifungu, akanusa, akasema iliki ni chache, akaambiwa ya wiki ijayo itaongezwa, akanunua viwili. Wa pili, Mrundi, alinusa akasema pilipili zingezidi. Wa tatu alikuwa mpishi wa hoteli ndogo apikaye maharagwe ya madereva. Yeye alitia ncha ya ulimi, akafumba jicho moja, akasema:

"Karafuu. Ongeza karafuu moja tu."

KARAFUU: Mmesikia? Mmesikia wote?

KOPO: Tumesikia, bibi, nyamaza tuuzwe. Mheshimiwa Cheti, uko wapi? Hongera, umefika sokoni!

CHETI (kutoka katika vifungu kumi kwa pamoja): Kabla washiriki hawajatawanyika, mnaombwa kujaza fomu ya tathmini.